Shahada za hisabati Tanzania: angalia mnyororo wa kozi kabla ya jina la programu

Mhitimu wa kidato cha sita anayependa namba akifungua mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, anakutana na programu nyingi zenye majina ya kukaribiana: hisabati, hisabati na takwimu, takwimu peke yake, takwimu rasmi, aktuaria, sayansi pamoja na ualimu, sayansi ya data. Nyingi ni za miaka mitatu, masharti ya kuingia yanafanana, na matangazo ya vyuo yanataja ajira zilezile. Matokeo yake wengi huchagua kwa jina, au kwa sababu rafiki kachagua.

Tofauti ya kweli iko ndani, kwenye mpangilio wa kozi. Unapaswa kujua utasoma kozi zipi muhula wa kwanza, kila moja inafungua ipi ya mwaka wa pili, na hiyo ya mwaka wa pili inafungua ipi ya mwisho. Katika historia au sosholojia unaweza kuikosa kozi moja ya mwaka wa kwanza na bado ukasoma vizuri ya mwaka wa tatu. Hisabati haina nafasi hiyo. Kozi uliyoikosa muhula wa kwanza inaweza kukufungia nusu ya kozi za hiari miaka miwili baadaye, na mara nyingi mwanafunzi anagundua hivyo siku ya kujisajili.

Mlango wa kuingilia

Alama za kidato cha sita hugeuzwa kuwa pointi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu pointi. Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 wanahesabiwa kwa kipimo kingine, kwa sababu madaraja ya miaka hiyo yalikuwa na B+ katikati. Sharti la chini la TCU ni ufaulu kamili, yaani A hadi E, katika masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0. Hapo ndipo watu wanapoteleza. Pointi hizo 4.0 hazitoki kwenye masomo yoyote mawili uliyofanya vizuri. Zinatoka kwenye masomo mawili ambayo programu yenyewe imeyataja kuwa ndiyo yanayoamua.

Chukua mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) mwenye D ya Hisabati, E ya Fizikia na B ya Kemia. Jumla yake ni pointi 7, na akizitazama anajiona yuko salama. Akiomba programu inayotaka Hisabati na Fizikia, anahesabiwa 2 na 1, yaani 3.0, naye anaachwa. Akiomba inayokubali Hisabati pamoja na Kemia, ana 6.0 na anapita bila wasiwasi. Matokeo ni yaleyale na mwanafunzi ni yuleyule. Kilichobadilika ni sentensi moja kwenye jedwali la mwongozo. Isome mpaka mwisho, hasa sehemu inayoanza na "iwapo", kwa sababu masharti ya ziada hukaa huko.

Sharti la ziada linalojitokeza mara nyingi linahusu BAM, ile hisabati ya nyongeza wanayosoma wa PCB, CBG na ECA, michepuo isiyo na Hisabati ya Juu. Kwa programu ambayo hisabati ndiyo somo lake kuu, BAM haitoshi. Wanataka Hisabati ya Juu, ile inayoitwa mitaani Advansi. Lakini programu kadhaa za kompyuta, biashara na takwimu humkubali asiye na Advansi, ilimradi ana angalau S ya BAM au C ya hisabati ya kidato cha nne. Huyo akiingia kwenye takwimu ajue mapema kwamba darasani atakaa na wa PCM na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) waliokwisha kusoma mambo ambayo yeye ameyagusa juujuu. Anaweza kuwafikia, ila afanye kazi hiyo kabla ya chuo kufunguliwa. Tahasusi, yaani michepuo hiyo ya masomo, nazo zimeongezeka tangu serikali ilipotangaza orodha mpya mwaka 2024, lakini swali la kujiuliza halijabadilika: katika tahasusi yangu, Hisabati ya Juu imo au haimo?

Mwenye stashahada anaingia kwa njia yake, na kiwango cha chini ni GPA (wastani wa alama) 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Mwongozo wake ni tofauti na wa kidato cha sita. Asichanganye vitabu hivyo viwili.

Ndani ya kila programu kuna nini

Shahada ya hisabati tupu, au hisabati na takwimu, ndiyo inayobeba mnyororo mrefu kuliko zote: kalkulasi, uchanganuzi (kalkulasi ya kuthibitisha badala ya kukokotoa), aljebra ya vekta na matriksi, milinganyo ya utofautishaji, mbinu za kinamba, uwezekano, na kwa anayetaka, aljebra dhahania, uchanganuzi wa namba changamano na topolojia. Anayewaza kusoma uzamili wa hisabati aje huku. Tunasema hivyo kwa uzito, kwa sababu mlango huo ni mgumu kuufungua baadaye. Mwenye aktuaria au takwimu akiomba uzamili wa hisabati hukuta anadaiwa uchanganuzi ambao hakuwahi kuusoma.

Sayansi pamoja na ualimu ndiyo inayochukua wengi. Inatolewa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwenye vyuo vishiriki vyake, DUCE cha Chang'ombe na MUCE cha Iringa, vilivyoanza mwaka 2005, pamoja na vyuo vingine kadhaa. Hapa unasoma masomo mawili ya kufundishia, kwa mfano Hisabati na Fizikia au Hisabati na Jiografia, na juu yake kozi za elimu: saikolojia, mitaala, mbinu za kufundisha, na mazoezi ya kufundisha shuleni. Muda ni uleule wa miaka mitatu. Kwa hiyo hisabati inagawana nafasi na vitu vingine viwili, na mwanafunzi anahitimu akiwa na kozi chache za hisabati kuliko mwenzake wa hisabati tupu. Haimaanishi kwamba ni hisabati nyepesi: kwa kawaida kozi za msingi mnakaa ukumbi mmoja na mtihani ni mmoja. Anayesoma ualimu huku akiwa na ndoto ya uzamili atumie kila nafasi ya kozi za hiari kuchukua uchanganuzi na aljebra. Upande wa mkopo, HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, imekuwa ikiweka ualimu wa sayansi na hisabati kwenye kundi la juu la kipaumbele, jambo ambalo familia nyingi zina haki ya kulipima.

Takwimu inapatikana kwa sura mbili, na hapa majina yanadanganya kweli. Iko takwimu inayokaa kwenye idara ya hisabati, yenye nadharia ya uwezekano na uthibitisho. Iko pia inayokaa upande wa uchumi, ambayo ina uchumi mwingi zaidi na nadharia kidogo. Mlimani hiyo hutolewa kama shahada ya sanaa. Kituo cha Takwimu cha Afrika Mashariki, EASTC, kilichopo Changanyikeni, kinafundisha takwimu rasmi: sensa, tafiti za kaya, usampulishaji, fahirisi za bei. Anayetamani kufanya kazi ofisi ya taifa ya takwimu atapata huko vitu ambavyo chuo kikuu huvigusa kwa wiki mbili tu.

Aktuaria, wengine huiita takwimu bima, hufundishwa Mlimani, IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha) na kwingineko. Kiini chake ni kukadiria leo thamani ya fedha zitakazolipwa kesho, iwapo zitalipwa. Tuseme bima itampa mteja shilingi 1,000,000 baada ya miaka 10 ikiwa atakuwa hai. Kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, thamani ya leo ni 1,000,000 kugawa kwa 1.08 ikizidishwa yenyewe mara 10, yaani kama 463,200. Ikiwa uwezekano wa kuwa hai ni 0.95, unabaki na 440,000 hivi. Shahada nzima ni kuongeza uzito kwenye hesabu hiyo: riba inayobadilika, vifo vinavyotofautiana kwa umri, madai yanayokuja bila mpangilio. Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba shahada pekee haimfanyi mtu kuwa mtaalamu kamili wa aktuaria. Kuna mitihani ya kitaaluma, na njia inayofuatwa na wengi huku kwetu ni ya Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza, yenye karatasi kama CS1 ya takwimu na CM1 ya hesabu za fedha na maisha. Ada yake ni kwa pauni na unajisajili mwenyewe. Aliyefaulu CS1 au CM1 kabla ya kuhitimu anaomba kazi akiwa na kitu ambacho waombaji wengine wengi hawana.

Kwa anayefikiria kuvuka mpaka: nchini Kenya shahada hizi kwa kawaida ni miaka minne, kwa kuwa chini ya mfumo wa 8-4-4 mwanafunzi aliingia chuo bila kidato cha tano na sita. Mwaka wao wa kwanza una mengi ambayo Mtanzania wa PCM ameshayasoma.

Unapangiwaje kozi

Vyuo vingi vya Marekani humpa mwanafunzi mpya mtihani wa kumpanga ngazi. Kwetu kwa kawaida haupo; programu yako ndiyo inayokupanga. Idara ya hisabati ina kozi za aina mbili. Zipo za wenye hisabati kama somo lao, na zipo za huduma, wanazofundishwa wahandisi, wanajiolojia, wachumi na wanakompyuta. Vichwa vya kozi vinaweza kukaribiana na mada pia: matriksi hapa, matriksi pale. Kwenye kozi ya huduma unafundishwa kukokotoa kinyume cha matriksi ya 3 kwa 3. Kwenye kozi ya wenye hisabati unatakiwa uthibitishe ni lini kinyume hicho kipo, na kwa nini ni kimoja tu.

Tofauti hii inauma siku ya kuhama. Mwanafunzi wa uhandisi akitaka kuhamia hisabati mwaka wa pili huleta alama A za hisabati ya uhandisi, kisha anaambiwa hazifidii uchanganuzi wala aljebra ya mwaka wa kwanza. Idara haimwonei. Kozi inayofuata itamtaka athibitishe kuanzia wiki ya kwanza, na yeye hajawahi kufanya hivyo.

Mwaka wa kwanza: kinachowaangusha wenye A

Kila mwaka wapo walioingia na A ya Advansi wakaondoka muhula wa kwanza na sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya uchanganuzi. Akili hazijapungua. Kazi ndiyo iliyobadilika bila wao kushtuka.

Kidato cha sita ukiulizwa 1/n inaelekea wapi n inapokua, unajibu sifuri na unapata alama yako. Kwenye uchanganuzi sifuri ni mwanzo wa swali. Mwalimu anakupa kiasi chochote chanya, kiite e, kiwe kidogo anavyotaka. Wewe umwonyeshe namba N ambayo kila n inayoizidi inafanya 1/n iwe ndogo kuliko e. Akikupa 0.01, N ya 100 inatosha. Akikupa e yoyote, chagua N yoyote kubwa kuliko 1/e, kisha andika kwa nini inafanya kazi. Makosa mawili hujirudia kwenye karatasi za tesiti: kuichagua N kabla e haijatolewa, na kuanza na kile unachotakiwa kukithibitisha kisha kurudi nyuma ukidhani umethibitisha.

Kosa la tatu ni kudhani mifano mingi inatosha. Chukua n² + n + 41. Ukiweka n = 0 unapata 41, ukiweka 1 unapata 43, ukiweka 2 unapata 47, zote namba tasa. Endelea hadi 39 na bado ni tasa. Mifano 40 mfululizo bila hata mmoja kukataa! Weka 40: unapata 1681, ambayo ni 41 mara 41. Mwanafunzi aliyeuelewa mfano huu amekwisha kuelewa kwa nini kozi ile ipo.

Tiba yake ni ya kawaida na inafanya kazi. Usikariri uthibitisho. Funika daftari uuandike upya, ukikwama tazama mstari mmoja tu, funika tena. Nenda kwenye semina ukiwa umejaribu maswali, hata kama umeshindwa yote. Na usihesabu vipindi pekee kuwa ndiyo kusoma. Katika mfumo wa sifa za vyuo vikuu nchini, krediti moja ni saa 10 za kazi, na mwaka mzima una krediti 120. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ukiwa na mihadhara mitatu na semina moja kwa wiki, kwa wiki 15, darasani umetumia saa 60. Nyingine 60 ni zako mwenyewe, saa 4 kila wiki kwa kozi hiyo moja. Wenye kozi tano wanadaiwa saa 20 za kujisomea kwa wiki. Wanaoanza kusoma UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikikaribia wanajaribu kulipa deni la saa 300 kwa wiki mbili.

GPA nayo ieleweke mapema, kwani ni wastani unaopimwa kwa krediti. Katika mfumo wa Mlimani A inaanzia 70 na ina pointi 5, B+ inaanzia 60 na ina 4, B inaanzia 50 na ina 3, C inaanzia 40 na ina 2. Ukipata B+ kwenye kozi ya krediti 12 na C kwenye ya krediti 8, una 48 jumlisha 16, kugawa kwa 20, sawa na 3.2. Kozi kubwa inakuvuta zaidi, juu au chini, na kozi za msingi za hisabati kwa kawaida ndizo kubwa. Sapu ukiifaulu inakupa C tu hata ukipata 90. Daraja la kwanza ni 4.4 na kuendelea. Anayetaka kubakizwa chuoni kama mkufunzi msaidizi ajue kiwango kilichozoeleka ni 3.8.

Kuchagua kozi za hiari bila kujifungia

Kuanzia mwaka wa pili unaanza kupewa uchaguzi, na hapa ushauri wetu ni mmoja: anza na kozi ya mwaka wa tatu unayoitaka, kisha rudi nyuma ukiuliza inadai nini.

Nadharia ya takwimu inadai kalkulasi ya vigeu vingi, na ndiyo inayowaumbua walioiruka. Chukua vigeu viwili, x na y, vyenye msongamano wa uwezekano wa 2 pale ambapo x ni kubwa kuliko 0, y ni kubwa kuliko x, na y ni ndogo kuliko 1. Ukitaka msongamano wa x peke yake, unapiga integrali ya 2 kwa y kuanzia x hadi 1, unapata 2(1 − x). Wengi hupiga kuanzia 0 hadi 1 na kupata 2, kisha jumla ya uwezekano wote inakuja 2 badala ya 1. Uwezekano wameuelewa; mipaka ya integrali ndiyo iliyowashinda, na mipaka hiyo ilifundishwa kwenye kozi waliyoiona haina maana.

Aljebra ya vekta na matriksi ndiyo kozi yenye faida pana kuliko zote, kwa maoni yetu. Rigresheni, yaani kupima jinsi kigeu kimoja kinavyotegemea vingine, inayotumika kwenye uchumi na tafiti za afya ni kutafuta kinyume cha matriksi, na kinyume hicho hakipatikani ikiwa safu mojawapo inatokana na nyingine. Mchambuzi aliyeweka mapato, matumizi na akiba pamoja, wakati akiba ni mapato kutoa matumizi, atakuta programu ya kompyuta inakataa au inaondoa safu moja kimyakimya. Mwenye aljebra anajua mara moja kwa nini. Mbinu za kinamba, michakato ya nasibu, sayansi ya data, zote zinarudi kwenye kozi hiyo. Ichukue hata kama programu yako imeiweka kwenye hiari.

Kozi ya kuandika programu za kompyuta, iwe kwa R au Python, isiahirishwe hadi mwaka wa mwisho. Ukiipata mwaka wa kwanza, utaitumia kwenye kozi zote zinazofuata. Ukiipata mwaka wa tatu, utakuwa unajifunza huku ukiandika mradi.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla ya kujisajili ni kama kozi inafundishwa kila mwaka. Idara huandika kozi nyingi kwenye prospektasi, lakini ya hiari yenye wanafunzi wachache au mwalimu aliye masomoni inaweza isifunguliwe. Muulize mratibu wa programu, na uwe na kozi ya akiba ambayo umeshatimiza sharti lake.

Ukishapangiwa na kugundua umekosea

Dirisha la kuhama programu lipo mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, na ni fupi. Unatakiwa uwe umetimiza masharti ya kuingia ya programu unayoiendea kwa mwaka huohuo, nafasi iwepo, na idara zote mbili ziridhie. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima kwanza athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa. Asipothibitisha kwa wakati anaweza kupoteza nafasi zote. Mwenye mkopo aulize ofisi ya mikopo ya chuo kabla ya kujaza fomu ya kuhama, kwa sababu mkopo hupangwa kwa programu na chuo, na taarifa zisipohamishwa pesa ya kujikimu inaweza kuchelewa muhula mzima. Peleka fomu wiki ya kwanza ya dirisha. Kozi za mwaka wa kwanza zinakuwa zimeshaanza kule unakokwenda, na kila wiki unayochelewa ni sura moja ya uchanganuzi utakayoisoma peke yako.